Mkia Ulioelekea Bondeni

"Siinuki!" alisema Mama, na sauti yake ilivyougonga ukuta, mjusi aliyekuwa darini aliona bora atafute nyumba nyingine. "Mwaka jana ulituambia tulale chini, tukalala. Leo unatuambia tupande mlimani. Kesho utatuambia nini, tukae juu ya mabati kama kunguru?"

"Mama, nakuomba. Inuka kwanza, tutagombana njiani."

"Njiani sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu uko hapahapa mkekani."

Alikuwa amelala chali katikati ya chumba, kitambaa kibichi puani, mikono imekunjwa kifuani, mfano wa marehemu aliyekasirishwa na wasimamizi wa mazishi yake. Kila akisema neno kitambaa kilipaa, akinyamaza kinatua. Pembeni yake binti yake alikuwa amepiga magoti, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, maana kisigino kilikuwa kimemkatikia njiani. Jasho lilimtiririka kama aliyefukuzwa na mbwa wa mtaa mzima.

Chumba chenyewe kilikuwa kimezama nusu chini ya barabara. Ukitoka nje unapanda ngazi, ukiingia unashuka, kama kisima. Dirisha lake liko sawa na vifundo vya miguu ya wapita njia, na kwa kuwa Mama alikuwa mshonaji na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha hilo, aliwajua watu wa mtaa kwa visigino. Soksi ya mtu ikitoboka, Mama alikuwa na habari kabla mkewe hajajua. Kiangazi chumba kilikuwa na ubaridi wa kupendeza, na Mama alikisifu kwa kila mgeni kwamba hewa yote nzuri ya mtaa hushukia humo.

Ubaridi huohuo ndio uliokuwa ukimtisha binti sasa.

Huyu binti ofisini walimwita Bi Mikia, na jina hilo hakulichukia. Kazi yake ilikuwa utabiri wa hali ya hewa. Ofisini kwao zipo kompyuta zinazokula upepo, na hili si la kuchekwa. Mchana kutwa zinalishwa: upepo wa vituo vyote vya kupimia, joto, unyevu, habari za maputo yanayorushwa angani, picha za setilaiti. Zikishashiba, zinatema hewa ya kesho wakati kesho yenyewe bado haijavaa viatu. Hiyo ndiyo modeli ya hali ya hewa, na siku za kawaida ina kazi ya kuwaambia watu waanue nguo. Siku ya balaa, hewa ileile hufanya kazi nyingine. Bi Mikia huweka alama kwenye ramani pale sumu ilipovujia, akamwaga hapo punje za kubuni, maelfu kwa maelfu, kisha akaachia upepo wa modeli uzichukue. Zinakoelekea punje ndiko sumu inakotarajiwa. Zikitandazika kwenye ramani, zinafanana na mkia wa paka aliyekanyagwa.

Na kwa kuwa upepo una hila kuliko mchumba wa mjini, hakuwa mtu wa kuridhika na mkia mmoja. Aliugeuza upepo kidogo, akarudia. Akaupunguza nguvu, akarudia. Akaichelewesha baridi ya jioni, akarudia tena, mpaka ramani ikajaa mikia kama zizi la ng'ombe. Hapo ndipo aliposoma: mingi imelala wapi, na ile michache mitukutu imekwenda wapi. Wenzake waliitazama mingi. Yeye tangu utoto hakuweza kuyaacha yasiyofuata wenzake. Alipokuwa msichana mdogo alikaa miguuni pa cherehani akiokota mabaki ya vitambaa, na Mama akimuuliza kwa nini anaokota vile vilivyokatwa vibaya, alijibu kwamba vilivyokatwa vizuri vinajulikana vilikokwenda.

Sasa, siku hii, mchana, kwenye kiwanda cha kusafisha maji kule juu bonde linakoanzia, vali ya tangi kubwa la klorini ilipasuka. Klorini kila mtu anaijua hata kama hajui kwamba anaijua: ndiyo inayotiwa kwenye maji yasitupe kuhara, na harufu yake ni ileile ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Kidogo ni dawa. Ikitoka kwa wingi ni wingu la kijani linalochoma mapafu. Wafanyakazi walikimbia wakawahi, zimamoto wakafika wakaanza kulimwagia maji, lakini tangi likaendelea kufoka, na swali likaletwa mbio kwa Bi Mikia: linakwenda wapi hili wingu?

Mikia mingi ilikatiza mto ikaenda kufia mashambani, kusiko na nyumba. Ile michache ilifanya utundu wake. Jua likishazama, hewa ikishapoa na kulegea, iligeuka, ikateremka na bonde, ikafuata mto mpaka mtaa wa chini, ikajikunja hapo ikalala.

"Michache," alisema mkuu wa zamu. Huyu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo, inasemekana hata siku ya harusi yake, alipoulizwa kama anakubali, alisema, "Taratibu." Alikuwa mtu mwema, ila kichwa chake kilikuwa na breki nyingi kuliko injini. "Taratibu, dada. Hatuwezi kuhamisha mtaa mzima kwa mikia ya kuhesabika. Wakihama bure leo, siku nyingine watatuzibia masikio."

Wakavutana. Mwisho wakakubaliana nusu kwa nusu: watu waliokwenda kulima mashambani waondoke, watu wa mtaa wa chini wakae macho. Tangazo likaandikwa. Bwana Taratibu akamshikia karatasi mbele ya uso, naye akaisoma huku jicho moja liko kwenye ramani. Mwisho wake palikuwa na maneno yaliyokaa mwisho wa kila tangazo la ofisi yao kama kifungo cha mwisho cha shati: wakazi wa mtaa wa chini wachukue tahadhari kama walivyoelekezwa awali. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, sawa. Likasomwa redioni.

Baadaye, moyo haukumtulia, akampigia Mama simu amwambie ajisogeze taratibu kwenye shule iliyo mlimani.

"Usihangaike, mwanangu," Mama alijibu, sauti inatokea nyuma ya kitambaa. "Tangazo tumelisikia. Tumeshalala."

"Mmelala? Nani mmelala?"

"Safu yote ya nyumba zetu. Nimepita mlango kwa mlango mwenyewe. Tumeziba, tumelowesha, tumelala. Haya, nakata, tusimalize hewa." Akakata, na kuanzia hapo simu ikawa haipatikani.

Bi Mikia akalivuta tena lile tangazo, akalisoma mwisho wake. Kama walivyoelekezwa awali! Na aliyewaelekeza awali ni nani kama si yeye?

Mwaka uliopita ghala la matairi makuukuu liliungua, na mikia yake yote ikaelekea mtaa wa chini bila kubishana. Siku hiyo alikwenda mwenyewe, akasimama juu ya kigoda mbele ya safu ya kina Mama, akawafundisha: moshi wa moto una joto, ni mwepesi, unapanda; hewa safi iko chini; zibeni milango, lowesheni vitambaa, laleni sakafuni. Wakalala. Moshi ukapita juu yao, na hakuna aliyepata zaidi ya kikohozi. Aliyetangulia kulala alikuwa Mama, na tangu siku hiyo akaitwa Mwalimu wa Sakafu. Jina lilimpendeza kuliko dhahabu. Katika kusimulia kwake moshi uliingia chumbani ukiwa na ukubwa wa fahali, ukasimama pale mlangoni ukitafuta mtu aliyesimama umle, ulipokosa ukaomba radhi ukaondoka. Akawa anafanyisha mazoezi. Watoto wa safu walijua kulala chini kabla hawajajua kuhesabu. Mpangaji mpya alilazwa kwanza, ndipo akaonyeshwa bomba lilipo.

Lakini klorini si moshi. Ni nzito. Haipandi, inashuka, inatafuta shimo kama maji. Na safu nzima ilikuwa imelala kwenye shimo, imejifungia, inasubiri kwa utulivu kabisa.

Aliacha kiti akakimbia. Alipofika mtaani umeme ulikuwa umekatwa bonde zima, redio zote bubu. Aligonga mlango wa kwanza. "Fungueni, tokeni, pandeni juu!" Ndani mtu akajibu kwa sauti ya chinichini, "Mwalimu amekataza kufungua." Akagonga wa pili. "Hatufungui, tunabana pumzi." Akagonga wa tatu, akajitaja jina, akajitaja kazi. "Kama ni wewe kweli," wakamjibu, "mlete mama yako aseme." Barabarani vivuli vilikuwa vimeshakuwa virefu, na majani ya mgomba uani kwa jirani, yaliyokuwa yakipepea tangu asubuhi, yalikuwa yamening'inia bila kutikisika. Aliyaona, akaelewa kwamba upepo umelala, akateremka ngazi za Mama kwa kishindo, akaisukuma nguo iliyoziba chini ya mlango. Ndivyo ugomvi ulivyoanza.

"Sikiliza, Mama," alisema sasa. "Moshi ni kitu kingine. Hii gesi ni nzito kuliko hewa. Itateremka na mto, itaingia humu kwa dirisha hilohilo la visigino, na ikiingia haitoki. Chumba chako kitajaa kama ndoo."

"Mimi sikusoma, lakini hewa naijua, naivuta kila siku. Hewa haina kilo."

"Hii inayo."

"Nani kaipima? Wewe?"

"Mama!"

"Usinipigie kelele, sikukuzaa kwa kelele. Nakuuliza swali la mtu mzima. Umeiona ikija?"

"Bado."

"Umeinusa?"

"Bado. Tukishainusa tumechelewa."

"Basi hujaiona, hujainusa, umekimbia mtaa mzima na kiatu kimoja kama mwanamke aliyefumaniwa." Mama akakirekebisha kitambaa. "Lala hapo pembeni yangu. Nafasi ipo. Kitambaa kingine kiko kwenye beseni."

Simu ya Bi Mikia ikalia. Alikuwa Bwana Taratibu, na nyuma yake ilisikika sauti ya watu wengi wakiongea kwa pamoja.

"Uko wapi? Umeacha kiti!"

"Niko bondeni. Mkuu, lile tangazo tumekosea. Yale maneno ya mwisho. Watu huku wamelala sakafuni kama tulivyowafundisha kwa ule moshi. Wamejifungia."

Bwana Taratibu akasema haraka, maneno yakikanyagana, "Upepo wa kiwandani umeanguka. Nimerudia modeli na vipimo vipya. Mikia inayoshuka huko sasa inakaribia nusu. Gari la kipaza sauti nimelituma, lakini liko ng'ambo ya mto na daraja limejaa watu. Nabadilisha tangazo sasa hivi."

"Redio huku zimekufa."

"Basi watoe wewe. Watoe, dada. Wapandishe juu, njia ya shule, wasifuate mto. Watoe!"

Hakusema taratibu hata mara moja. Bi Mikia aliishusha simu. Mama alikuwa ameegemea kiwiko kimoja, kitambaa kimemdondokea kidevuni.

"Huyo ni yule wa taratibu?"

"Ndiye."

"Mbona leo anaongea kama mtu anayeungua?"

"Mama, hawa watu hawanifungulii mimi. Nimejaribu. Wanakusikiliza wewe. Sauti yako ikitoka tu pale ngazini, kila mlango utafunguka."

"Apa."

"Niape nini?"

"Apa kwamba inakuja. Mwaka jana hukupepesa macho. Ulisema moshi unakuja hapa, na ukaja. Sema hivyo tena, niinuke."

Ilikuwa rahisi kusema. Neno moja lingetosha. Lakini Bi Mikia alikuwa amekaa miaka yote ya kazi yake akikataa kulisema neno hilo; amewakatalia wakubwa, amewakatalia watangazaji, amemkatalia hata bibi harusi aliyemfuata ofisini akitaka ahakikishiwe jua la siku yake. Na alijua kwamba akimdanganya Mama leo, Mama atamjua. Alikuwa akimjua tangu alipokuwa akiiba chaki ya kukatia nguo.

"Siwezi kuapa," alisema. "Nusu inakuja, nusu inakwenda mashambani. Sijui tuko kwenye ipi. Huenda tukapanda mlima wote, tukakaa juu huko tukipigwa na baridi, na isifike hata harufu."

"Nusu!" Mama akapiga sakafu kwa kiganja. "Mtu ananitoa na magoti yangu haya mabovu, anipandishe mlima, aniaibishe mbele ya safu nzima, kwa nusu!"

"Ile nusu inayokuja ikifika hapa, hakuna anayebaki hai, Mama. Wakiwa wamelala chini hivi, hakuna anayebaki."

Mama akageukia dirisha; mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Hapakuwa na kisigino hata kimoja. Kwa miaka yote aliyokaa chini ya dirisha lile hajawahi kuiona barabara tupu wakati kama huu, na Bi Mikia alimwona akiitazama.

Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa. "Unajua nimewalaza mimi? Yule mzee wa kukohoa alikataa, akasema kifua chake hakitaki sakafu. Nikamkaripia. Nimemlaza kwa mikono yangu, nikamfunika, nikamwambia asitikisike." Akaubana mkono wa binti yake. "Nikitoka sasa nikawaambia waamke, ndiyo nawaambia nini? Kwamba nilikuwa nawalaza kaburini? Mwalimu gani huyo?"

"Waambie kosa ni langu. Waambie binti yangu ndiye aliyekubali lile tangazo, na ndiye aliyewafundisha kulala bila kuwaambia kwamba ni kwa moshi tu."

"Nikuuze wewe ili mimi nibaki msafi?"

"Niuze, Mama. Niuze kwa bei yoyote, ila inuka."

"Wewe! Watakutema. Safu hii ilivyo na ulimi! Hutapita hapa tena bila kuzomewa. Watasema msomi wetu alitaka kutuua, na mama yake kamsaidia. Na kama isipokuja, watasema afadhali ingekuja, kuliko kuwapandisha mlima bure. Mimi nawajua, nimewashonea nguo zote, najua hadi viuno vyao. Halafu kama isipokuja kabisa, wewe mtoto, hapo ndipo nitakapo—"

Mlango ukasukumwa na goti.

Alikuwa Bibi Pacha, jirani wa nyumba ya mwisho kule karibu kabisa na mto, ambaye mlango wake ulioza msimu wa mvua na haufungiki. Mjukuu mmoja alikuwa mgongoni, mwingine ameshikwa mkono, na kwapani amebana blanketi. Wote watatu walikuwa wamefungwa vitambaa vibichi puani, vimekazwa vizuri nyuma ya kichwa, kama walivyofundishwa. Yule wa mkononi, bila kuambiwa na mtu, alipofika tu sakafuni alijilaza kifudifudi, miguu imebanwa, mikono kando, akamtazama Mama kwa jicho moja aone kama amelala sawasawa.

"Mwalimu, tumekuja kwako," alisema Bibi Pacha akishusha pumzi. "Kwangu kunapitisha. Tulale upande upi?"

Mama alimtazama mtoto pale chini. Kisha akashika ukingo wa cherehani, akajivuta, goti likalia kama tawi, akasimama. Aliinama, akamnyanyua mtoto, akamweka begani juu kabisa, kichwa cha mtoto kikakaribia dari, akaanza kupanda ngazi kwenda kuwaamsha aliowalaza.